Ada ndogo au wodi ya karibu: kisa cha binti mmoja na vyuo viwili vya utabibu

Kisa hiki tumekijenga wenyewe kwa makusudi, ili hesabu zote ziwekwe mezani bila kumwanika mtu. Hakuna chuo halisi nyuma yake. Hata hivyo, vipengele vya malipo vilivyomo ni vile ambavyo mzazi wa Tanzania hukutana navyo kwenye fomu ya kujiunga na chuo binafsi cha afya, na makosa tutakayoyataja hurudiwa kila msimu wa udahili.

Binti amemaliza kidato cha nne. Ana C ya Biolojia, D ya Kemia, D ya Fizikia, C ya Kiingereza, B ya Kiswahili, C ya Jiografia na F ya Hisabati. Anataka stashahada ya utabibu: miaka mitatu, mihula sita, NTA (tuzo za taifa za elimu ya ufundi) ngazi ya 4 hadi ya 6. Mama yake analima mahindi na alizeti mkoani Singida, na mjomba wake ameahidi kuongezea pale atakapopungukiwa. Vyuo viwili vimempokea, vyote binafsi, vyote vidogo. Kimoja tukiite chuo cha mjini: kiko kwenye jengo la ghorofa karibu na stendi ya mkoa, hakina hospitali yake, na wanafunzi wake hujifunzia kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa. Kingine tukiite chuo cha hospitali: kiko wilaya ya mbali, kinamilikiwa na hospitali ya kanisa, na madarasa yako hatua chache kutoka wodini. Cha mjini kinatoza ada ya 1,250,000 kwa mwaka. Cha hospitali, 1,650,000.

Mama aliona tofauti ya 400,000 kwa mwaka, akazidisha kwa mitatu, akapata 1,200,000, na kwake shauri likawa limekwisha. Hapo ndipo familia nyingi hukosea, kwa sababu ada ni mstari mmoja tu kati ya mistari kumi.

Kabla ya hesabu kuna jambo la dakika kumi ambalo halirukwi. Chuo cha afya kina namba ya usajili ya NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, inayoanza na REG/HAS. Itafute kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka husika, kisha shuka hadi kwenye jina la kozi yenyewe, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa huku kozi unayoitaka haijaidhinishwa hapo. Safu ya kuangalia kwa makini ni ile ya idadi ya nafasi. Kwa chuo cha mjini mwongozo unaonyesha nafasi 100 za utabibu. Kumbuka namba hiyo, tutairudia.

Sasa fomu zenyewe. Chuo cha mjini, nje ya ada, kinadai kila mwaka 100,000 ya mitihani ya ndani, 150,000 ya mtihani wa Wizara ya Afya, 15,000 ya uhakiki ubora ya NACTVET na 50,400 ya bima ya afya ya NHIF. Mara moja tu: usajili na kitambulisho 40,000, fedha ya tahadhari (amana ya kufidia uharibifu) 50,000, sare, koti jeupe, stetoskopu na kipimo cha presha 180,000. Mwaka wa pili kuna fildi, yaani mazoezi ya kazi, 250,000, na wa tatu 350,000, fedha ambayo chuo kinasema huilipa hospitali ya rufaa kwa kuwapokea wanafunzi. Hosteli haipo. Chumba cha kuchangia karibu na chuo ni 40,000 kwa mwezi kwa miezi kumi. Mwaka wa pili na wa tatu binti atapanda daladala kwenda hospitali: 1,200 kwenda na kurudi, siku 22 kwa mwezi, miezi kumi, yaani 264,000 kwa mwaka. Basi la kwenda nyumbani ni 8,000, safari nne kwa mwaka. Chakula cha mama ntilie na cha kujipikia tumekiweka 5,000 kwa siku, siku 300 kwa mwaka.

Chuo cha hospitali kimeweka mitihani ya ndani na mzunguko wa wodini ndani ya ada. Wizara, NACTVET na bima ni vilevile. Mara moja: usajili 30,000, tahadhari 50,000, sare na vifaa 180,000. Hosteli 250,000 kwa mwaka. Fildi ya jamii mwaka wa pili 150,000. Basi ni 45,000 kwa safari moja, safari nne kwa mwaka. Kantini inatoa milo mitatu kwa 4,500 kwa siku.

Jumla ya miaka mitatu: mjini 11,890,200, hospitali 11,346,200. Chuo kilichoonekana ghali kimekuwa nafuu kwa 544,000.

Tusishangilie mapema. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni chakula, na chakula ni makadirio. Tofauti ya shilingi 500 kwa siku, siku 300, miaka mitatu, tayari ni 450,000. Binti akipika uji na maharage chumbani, cha mjini kitashuka. Tukikitoa chakula kabisa tunabaki na 7,390,200 dhidi ya 7,296,200. Tofauti ni 94,000 kwa miaka mitatu. Kwa lugha ya mkulima, ni kama gunia au mawili. Hukumu yetu kuhusu gharama ni kwamba vyuo hivi viko sawa, na yeyote atakayechagua kwa kigezo cha ada peke yake atakuwa amechagua kwa bahati nasibu. Fedha ya tahadhari, kwa njia, tumeihesabu kama imekwenda. Ikirudishwa, itakuwa zawadi ya mahafali.

Gharama ikiwa sawa, kinachobaki upande wa fedha ni tarehe. Chuo cha mjini kinakubali ada kwa awamu nne za 312,500. Chuo cha hospitali kinataka asilimia 60 siku ya kufungua na asilimia 40 Machi. Siku ya kwanza mama anapaswa kuwa na ada 990,000, Wizara 150,000, NACTVET 15,000, bima 50,400, malipo ya mara moja 260,000 na hosteli 250,000: jumla 1,715,400, kabla ya nauli na sahani ya kwanza ya ugali. Hiyo inawezekana, kwa sababu chuo hufungua baada ya mavuno na alizeti imeshauzwa. Shida ni Machi. Machi mkulima wa Singida hana cha kuuza, ghala limepungua na shamba linapaliliwa. Chuo kinamdai 660,000.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ndilo linalovunja masomo ya watoto wengi wenye akili nzuri kabisa. Mwanafunzi anayedaiwa huzuiwa kuingia chumba cha mtihani. Mtihani wa Wizara haumsubiri, anaukosa, na muhula unarudiwa. Ukiuliza kwa nini aliacha chuo, utaambiwa alifeli, kumbe hakufanya. Kwa hiyo kabla ya kupeleka hata shilingi moja, mama aandike barua kwa mkuu wa chuo akiomba zile 660,000 zigawanywe mara tatu, 220,000 Machi, 220,000 Mei na 220,000 kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka, na apate jibu lenye muhuri. Maneno ya karani wa mapokezi, "njoo tu mama, tutaongea," hayasaidii siku ya kuzuiwa.

Mjomba aliuliza kuhusu mkopo. HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, ilianza kuwakopesha wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, lakini kwa kozi zinazotajwa kwa majina kwenye mwongozo wake. Kusoma kozi ya afya hakutoshi. Afungue mwongozo wa mwaka huu, atafute jina la kozi, na kama halimo asiuweke mkopo kwenye bajeti hata kidogo.

Tuje kwenye matokeo, ambako ndiko uamuzi unapofanyika.

Bango la chuo cha mjini limeandikwa "Ufaulu 94%". Cha hospitali, ukiuliza, wanasema 84%. Hapa lazima kuuliza: asilimia 94 ya wangapi? Mjini, waliofanya mtihani wa mwisho wa NTA ngazi ya 6 walikuwa 64, wakafaulu 60 bila sapu, yaani bila kurudia mtihani. Ni kweli, hiyo ni asilimia 94. Lakini kundi lile lilipoanza miaka mitatu nyuma lilikuwa na wanafunzi 120. Nusu yao tu ndio waliomaliza kwa wakati. Wawili zaidi walivuka kwa sapu, wakawa 62, sawa na asilimia 52. Hospitalini walianza 50, wakafika mwisho 44, wakafaulu 37 kwa mkupuo wa kwanza, na wanne wakavuka kwa sapu. Hao 41 kati ya 50 ni asilimia 82.

Chuo kinachochuja wanafunzi njiani kitakuwa na bango zuri siku zote, kwa sababu waliochujwa hawahesabiwi. Kigawanyio kiwe waliosajiliwa mwaka wa kwanza, na kamwe usikubali kingine.

Namba hizi chuo hakitakupa kwenye kipeperushi, lakini zinapatikana. Kitabu cha mahafali kina majina ya wahitimu kwa kila kozi, na karibu kila mhitimu anacho nyumbani. Yahesabu. Kisha tafuta orodha ya waliochaguliwa kujiunga na chuo hicho miaka mitatu kabla. Ukikosa orodha, muulize mwanafunzi wa mwaka wa tatu swali moja: "Mlianza wangapi darasani, na sasa mko wangapi?" Atakujibu papo hapo. Wanafunzi hawasahau nani alidisko, yaani aliondolewa kwa kufeli, na nani alirudi nyumbani.

Uliza pia waliopungua walikwenda wapi. Waliohama chuo si sawa na waliofeli, na waliofeli si sawa na walioshindwa ada. Kwa chuo cha mjini kuna jambo la ziada: mwongozo uliruhusu nafasi 100, wao wakapokea 120. Hao 20 waliozidi ndio huhangaika. Majina ya wanafunzi hupelekwa NACTVET kuhakikiwa, na asiyehakikiwa anaweza kusoma, kulipa na kuvaa koti jeupe huku baraza hilo halimtambui. Binti akichagua cha mjini, ndani ya muhula wa kwanza adai kuona jina lake kwenye orodha iliyohakikiwa.

Tusitumie asilimia hizi kama ubashiri wa mtoto mmoja. Binti mwenye C ya Biolojia anayejituma anaweza kumaliza popote. Tunachosema ni kwamba mwaka mmoja wa kurudia kwenye chuo cha mjini unagharimu karibu milioni 4, kwa kugawa ile jumla kwa mitatu. Ile akiba ya 1,200,000 iliyomvutia mama inamezwa mara tatu na mwaka mmoja wa ziada. Kwenye chuo ambacho nusu ya darasa haimalizi kwa wakati, mwaka huo wa ziada ni hatari ya kuingizwa kwenye hesabu.

Baada ya namba, wodi. Utabibu hujifunzwa kwa mikono. Tabibu anayemaliza leo anaweza kesho kukabidhiwa zahanati ya kijiji akiwa peke yake na muuguzi mmoja, saa nane usiku, mama anatoka damu baada ya kujifungua. Hana wa kumuuliza. Alichokifanya kwa mikono yake miaka mitatu ndicho atakachokuwa nacho.

Kwa hiyo mjomba aende mwenyewe, siku ya kazi, afike saa mbili asubuhi, wakati wa mzunguko wa wodini. Ahesabu makoti meupe kuzunguka kitanda kimoja. Hospitali ya rufaa ya mkoa ina wagonjwa wengi kuliko ya kanisa, na hilo ni faida ya kweli kwa chuo cha mjini: upasuaji ni mwingi na magonjwa adimu yanaonekana. Ila hospitali hiyo inapokea wanafunzi wa vyuo vingine pia. Kitanda kimoja kikizungukwa na wanafunzi 18, watatu wa mbele wanaona kidonda, waliobaki wanaona visogo. Chumba cha kujifungulia ndicho kipimo kikali zaidi. Ukikuta wanafunzi wanaandikishana zamu ya kugusa, ujue wapo watakaomaliza bila kuzalisha mtu.

Kisha amwombe mwanafunzi wa mwaka wa tatu logibuku yake, kile kitabu ambamo kila kazi ya mikono hutiwa sahihi na msimamizi. Asisome sana maneno, atazame wino. Kitabu cha kweli kina kalamu tofauti, sahihi za watu tofauti, tarehe zilizoachana, doa la iodini kwenye ukurasa wa kushona vidonda. Kitabu cha kupikwa kina kurasa sita zenye wino uleule, mwandiko uleule, na tarehe za wiki moja ya mwisho kabla ya mtihani. Hata chumba cha mazoezi kinasema ukweli. Mkono wa bandia wa kuchomea sindano uwe umetobokatoboka hadi mpira umelegea. Ukiwa mpya unang'aa na mdoli wa kuzalishia bado amevalishwa nailoni, basi vitu hivyo vilinunuliwa kwa ajili ya wakaguzi.

Chuo cha hospitali kina udhaifu wake, tuuseme wazi. Vitanda ni vichache, upasuaji mkubwa si wa kila siku, na madaktari wanaofundisha ndio haohao wanaotibu, hivyo vipindi huahirishwa. Somo la anatomia lina mwalimu mmoja. Akipata kazi serikalini katikati ya muhula, wanafunzi wanabaki na makabrasha. Mjomba aulize mwaka jana ni walimu wangapi waliondoka na nafasi zao zilijazwa baada ya muda gani. Aulize vilevile kama kuna mzunguko wa wiki kadhaa kwenye hospitali kubwa ili wanafunzi waone kile ambacho hapo hakipo. Kama haupo, hilo ni pengo la kweli na halifutiki kwa usafi wa mazingira.

Kuhusu ajira tutakuwa wafupi, kwa kuwa hakuna chuo chenye uwezo wa kuahidi. Ajira za serikali hutangazwa na kila mwenye sifa huomba, jina la chuo halimwongezei chochote. Kinachotofautisha vyuo ni kama mhitimu anapata cheti na matokeo yake mapema ili asajiliwe na Baraza la Madaktari Tanganyika, maana bila usajili hawezi kutibu kihalali wala kuomba kazi. Waulize wahitimu wa mwaka juzi cheti kilichukua miezi mingapi. Anayedaiwa ada, cheti hukaa chuoni. Hospitali ya kanisa huchukua wahitimu wake wachache kujitolea kwa posho ndogo; si kazi, ila ni mahali pa kuzuia mikono isisahau huku akisubiri tangazo.

Binti ana ndoto ya kuwa daktari kamili baadaye, na hapa kuna mtego ambao hakuna chuo kilichomwambia. Kuingia shahada ya udaktari kwa kupitia stashahada ya utabibu, mwongozo wa TCU, tume ya vyuo vikuu, hudai wastani wa B au GPA (wastani wa alama za masomo yote) isiyopungua 3.0, na juu yake walau D katika Hisabati, Kiingereza, Fizikia, Kemia na Biolojia za kidato cha nne. GPA ya NTA ngazi ya 6 huhesabiwa kwa kipimo cha 5. Mwenye 2.7 ana daraja la pili la chini, cheti kinapendeza, lakini mlango wa udaktari haumfungukii. Na ile F ya Hisabati itamzuia hata akipata 4.5. Arudie Hisabati kama mtahiniwa binafsi mapema, ikiwezekana kabla ya mzigo wa mwaka wa tatu.

Uamuzi wetu ni chuo cha hospitali, kwa sharti kwamba jibu la barua ya awamu tatu limepatikana kwa maandishi. Bila jibu hilo tungempeleka mjini, pamoja na kasoro zake zote, kwa sababu kwa familia hii kuzuiwa mtihani Machi ni hatari kubwa kuliko msongamano wa wodini. Na akienda mjini, mambo mawili yabadilike: jina lake lionekane kwenye orodha iliyohakikiwa, na awe anaomba zamu za usiku na za mwisho wa wiki katika chumba cha kujifungulia, saa ambazo wanafunzi wa vyuo vingine hupungua.

Malipo yoyote yaende kwa namba ya malipo au akaunti ya benki yenye jina la chuo. Kijana anayezunguka vijijini na fomu, akisema atakushikia nafasi ukimtumia 50,000 kwenye simu yake, hulipwa kwa kichwa cha kila mwanafunzi anayempeleka. Usimtumie, hata kama chuo anachokitaja ni hicho hicho ulichokwisha kukichagua. Risiti zote, tangu ya kwanza, ziwekwe kwenye bahasha moja na kupigwa picha, maana mwaka wa tatu ofisi ya uhasibu itakapodai kwamba muhula wa pili haukulipwa, ushahidi atakuwa nao binti peke yake.

Mavuno yakiuzwa, zile 660,000 zitengwe siku hiyohiyo.